Umehamia Arusha kutoka nchi jirani? Anza hivi

Arusha imezoea wageni. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulisainiwa hapa tarehe 30 Novemba 1999, makao makuu yakawa hapa hapa, na tangu wakati huo Wakenya, Waganda, Warundi, Wanyarwanda na Wakongo hawajaacha kushuka stendi na mabegi yao. Mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa mjini hadi 2015. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ipo mpaka leo. Ongeza watu wa utalii, wa hospitali, wa vyuo na wa madini. Kwa hiyo hakuna mtu wa Arusha atakayekushangaa. Raha yake ni kwamba hutafuatwafuatwa. Karaha yake ni kwamba hakuna atakayekushika mkono kwa sababu tu wewe ni mgeni. Wageni ni wengi mno.

Familia yetu inapangisha nyumba Moshono, na wapangaji wetu wengi wametoka ng'ambo ya mpaka. Nimewaona wanaokaa wakanenepa, na nimewaona wanaofungasha kabla kodi ya miezi sita haijaisha. Tofauti yao si mshahara, na mara nyingi si karatasi pia. Wanaokaa ni wale waliopata watu wao mapema: mwenyekiti wa mtaa anayewajua kwa jina, mama wa mboga, bodaboda mmoja wa kuaminika, fundi, jirani wa kuachiwa ufunguo. Hao usiwatafute siku ya shida. Siku hiyo kila mtu anakuwa na kazi nyingi. Kwa hiyo katika hatua nyingi za chini utaona kuna mtu wa kumfahamu, si kitu cha kufanya tu.

Hatua ya 1: Maliza karatasi kabla hujazoea mji

Wengi mnaingilia Namanga, kilomita kama 110 kutoka Arusha mjini. Njoo na pasipoti, hata kama umesikia kwamba nchi fulani za Jumuiya zinapitana kwa kitambulisho cha taifa. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe ndani ya pasipoti, si chini kabisa ya begi. Mifuko ya plastiki ya kubebea iache upande wa pili. Hapa imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na usidhani ya kwako haionekani.

Mkenya, Mganda, Mnyarwanda au Mrundi kwa kawaida hugongewa muhuri wa matembezi wa hadi miezi sita bila kulipia viza. Hapo ndipo watu wanapojidanganya. Muhuri ule ni wa kutembea, kusalimia ndugu na kuangalia Mlima Meru. Si wa kazi. Kwa kazi unahitaji vibali viwili: kibali cha kazi, ambacho hutoka upande wa Kamishna wa Kazi, halafu kibali cha ukaazi cha Uhamiaji, daraja B. Mwanafunzi au mtafiti anatafuta daraja C, mwekezaji daraja A. Maombi yanafanyika mtandaoni, na kwa mwajiriwa ni mwajiri ndiye anayeanza. Mwajiri akikuambia "wewe anza kazi tu, kibali kinakuja", mwambie kwa upole kwamba utaanza kibali kikifika. Maafisa wakija kukagua, anayekwenda kutoa maelezo ni wewe.

Na kama ulikuwa na wazo la kufungua kibanda cha kutuma na kutoa pesa, saluni ya mtaani, duka la rejareja, ufundi simu au kuongoza watalii, lisimamishe kwanza. Amri iliyotoka Julai 2025 imewakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara, na hizo zimo. Faini inaanzia shilingi milioni 10, kuna kifungo cha hadi miezi sita, na kibali kinafutwa. Raia atakayekukopesha jina lake naye ana adhabu yake, kwa hiyo "rafiki" anayejitolea sana kuandikisha duka kwa jina lake ama hajui sheria, ama anaijua na ana hesabu zake.

Hatua ya 2: Nyumba. Hapa nenda taratibu

Usilipe nyumba ukiwa bado Nairobi au Bujumbura. Picha za simu hazionyeshi tope. Fikia gesti kwa wiki moja, tembea na miguu, uone mitaa asubuhi na uione usiku.

Kwa kifupi, mji umekaa hivi. Njiro kuna watu wengi wa ofisi, nyumba za uzio na mageti. Sakina na kuelekea Ngaramtoni uko kwenye barabara ya Namanga, pazuri kwa anayeenda nyumbani mara kwa mara. Ilboru na sehemu za juu za Sanawari kuna kijani na baridi ya mlimani. Moshono na Olasiti zinajengwa kila siku, nyumba ni mpya na barabara za ndani bado zinasubiri zamu yao. Ngarenaro, Kaloleni na Unga Limited uko karibu na kila kitu, na kila kitu kiko karibu na wewe, pamoja na muziki wa jirani. Usa River ni mbali kidogo, lakini kwa anayefanya kazi upande wa Tengeru au uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) inamfaa.

Utamkuta dalali, au yeye atakukuta wewe. Kwa kawaida anachukua kodi ya mwezi mmoja ukipata nyumba, na wengi wanaomba pesa ya kuzungushwa hata kabla hujaona mlango. Patana naye mwanzoni: analipwa nini, analipwa lini, na nyumba ngapi mtaziona kwa pesa hiyo. Asikuharakishe kwa habari ya "kuna mtu mwingine anakuja na pesa jioni". Mtu huyo wa jioni nimemsikia tangu nikiwa mdogo, na sijawahi kumwona.

Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka. Hili huwashtua sana waliozoea kulipa mwezi kwa mwezi. Lipangie kabla hujahama, maana ndilo linalowakausha watu mfukoni katika wiki ya kwanza. Kuomba miezi mitatu si kosa, hasa nyumba ikiwa imekaa tupu. Bei iwe kwa shilingi. Kanuni za mwaka 2025 zimekataza kutoza kwa fedha za kigeni, hata kama mwenye nyumba wa Njiro bado anahesabu kwa dola kichwani mwake.

Kabla ya kulipa, waulize wapangaji waliopo, si dalali. Waulize maji yanatoka siku gani, na kama kuna tenki. Waulize mita ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ni ya kila nyumba au mnachangia. Hii ya kuchangia ikwepe ukiweza. Mita moja, familia nne, mmoja ana friji, mwingine anapiga pasi kila asubuhi, wa tatu anasema yeye huwa hayupo: ugomvi mwingi wa uani niliowahi kuamua ulianzia kwenye mita. Kisha waulize kuhusu masika. Kuanzia Machi hadi Mei mvua ni ya kweli, na kuna njia za ndani ambazo gari dogo haliingii wala bodaboda hataki kusikia jina lake.

Mkataba uandikwe, hata wa karatasi mbili. Uwe na jina la mwenye nyumba kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, kiasi, tarehe, na nani anatengeneza nini kikiharibika. Pesa ipite benki au kwa simu ili alama yake ibaki. Na usilipe kwa mtu anayejiita mdogo wake mwenye nyumba, hata akiwa amefanana naye.

Jambo moja dogo ambalo hakuna anayekuambia: ukinunua umeme kwa mara ya kwanza katika mwezi, uniti zitakuja pungufu. Hujaibiwa. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU, na kwa nyumba ya kawaida sasa ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, si yako. Zungumza naye mapema namna mtakavyoipunguza kwenye pango. Kwa mwaka ni shilingi 18,000, si pesa ya kugombania, lakini ni pesa ya kuzungumzia.

Hatua ya 3: Nenda ukajitambulishe serikali ya mtaa

Hii wageni wengi huiruka, halafu huikumbuka siku benki inapodai barua ya utambulisho. Wiki ya kwanza ukishahamia, mwombe mwenye nyumba akupeleke kwa balozi wa nyumba kumi na kwa mwenyekiti wa mtaa. Beba nakala ya pasipoti, ya kibali na ya mkataba. Hakuna hotuba ya kutoa. Unasalimia, unasema umetoka wapi, unafanya kazi gani, unakaa kwa nani, unaandikwa kwenye daftari la wakazi. Basi.

Ulizia hapo hapo kuhusu pesa ya taka na ya ulinzi, kiasi gani na anayekusanya ni nani. Ukishamjua mkusanyaji kwa sura, hutalipa mara mbili kwa kijana yeyote mwenye daftari. Mwenyekiti huyu ndiye utakayemkimbilia ukiibiwa, ukigombana na jirani, au ukihitaji shahidi wa mkataba. Akiwa anakujua, barua yako inatoka siku hiyo hiyo. Akiwa hakujui, utaambiwa urudi kesho, na kesho atakuwa kwenye kikao.

Hatua ya 4: Laini ya simu na pesa

Laini husajiliwa kwa alama za vidole. Raia hutumia namba ya NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa. Wewe nenda duka rasmi la kampuni na pasipoti yako, usisajiliwe na kijana wa mwavuli kwa kitambulisho cha mtu mwingine, maana pesa yako yote itakuwa kwenye laini isiyo yako. Ukishapata kibali cha ukaazi, omba kitambulisho cha mgeni mkaazi cha NIDA na namba ya mlipakodi kutoka TRA, mamlaka ya mapato. Vitakufungulia milango mingi.

Hapa mitandao ya pesa ni kadhaa na hakuna mmoja ulioimeza yote, kwa hiyo uliza "unatumia mtandao gani?" kabla ya kutuma. Makato ya kutoa ni makubwa kuliko unavyotarajia. Malipo ya serikali, kuanzia maji hadi faini ya barabarani, yanakwenda kwa namba ya malipo unayopewa. Anayekutaka umpe mkononi "akusaidie kulipa" mshukuru, kisha lipa mwenyewe.

Hatua ya 5: Maji ya kunywa

Utaona wazee wa huku wenye meno ya kahawia, na utadhani ni sigara au kahawa. Ni floraidi. Maji ya chemchemi na visima vingi vinavyozunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi kutokana na miamba ya volkano, na kwa miaka mingi watu walikunywa hayo hayo. Mtu mzima akija leo meno yake hayatabadilika rangi, lakini mtoto ambaye meno ya ukubwani bado yanajengeka ndani ya fizi ndiye wa kumlinda.

Kuchemsha hakusaidii. Kuchemsha kunaua vijidudu, floraidi inabaki, na maji yakipungua sufuriani inazidi kuwa nzito. Chujio la kawaida la kauri nalo haliiondoi. Kinachoiondoa ni chujio la mkaa wa mifupa au mitambo ya kusafisha maji kama ile ya viwanda vya maji ya chupa. Uliza maji ya mtaani kwako yanatoka chanzo gani. Mtaa huu unaweza kuwa salama, na kisima cha mtaa wa pili kikawa hakifai. Wenye watoto wadogo wengi hununua maji ya dumu kubwa ya kunywa na kupikia uji, ya bomba wanaachia kuoga na kufua.

Hatua ya 6: Sokoni na salamu zake

Chakula ni faraja ya kwanza ya mgeni, na Arusha haina njaa. Soko Kuu liko katikati ya mji, Kilombero ni kubwa na lina kelele, na Tengeru siku za Jumatano na Jumamosi ndiko ndizi, parachichi na nyanya zinakoshuka kutoka vijijini. Mchele unapimwa kwa kilo, lakini maharage, mahindi, viazi na vitunguu utavikuta kwa sado, ile ndoo ndogo ya plastiki, na kwa debe. Angalia sado isiwe imebonyezwa kitako. Mboga na nyanya ni kwa fungu.

Salamu inatangulia bei. Mgeni wa Nairobi anayefika mezani na kusema "nipe nyanya za elfu" atauziwa, ila atauziwa zile za chini. Msalimie kwanza. Mwanamke wa makamo ni mama, mzee ni baba au mzee, kijana ni kaka, na aliyekuzidi umri kwa dhahiri mpe shikamoo yake usubiri marahaba. Halafu: "Mama, naomba nyanya za elfu moja." Akina mama wa Kiarusha na Kimaasai wenye maziwa na mboga utasikia wakiitwa yeyo, ukiwaita hivyo watacheka na kukupimia vizuri.

Chagua mama mmoja wa mboga mtaani kwako, ununue kwake hata kama mwingine yuko chini kwa shilingi mia. Baada ya mwezi atakuwa anakuwekea mchicha, atakukopesha siku mshahara umechelewa, na atajua kwamba hujapita siku mbili. Hilo la mwisho lina thamani kuliko unavyodhani, hasa kwa anayeishi peke yake. Mpangaji wetu mmoja alishikwa na malaria kali, na aliyekuja kutugongea geti kuuliza yuko wapi alikuwa mama wa mboga.

Ya kuonja: mtori, machalari, makande, na loshoro ya maziwa mgando. Supu na chapati asubuhi. Chipsi mayai utakula zaidi ya ulivyopanga, hasa wiki za mwanzo kabla hujanunua jiko. Mtungi wa gesi wa kilo 6 unamtosha mtu mmoja kuanzia.

Hatua ya 7: Usafiri

Daladala ndogo za Hiace wengine huziita vifodi. Panda, kaa, mpe konda nauli akigonga sarafu, na ukifika sema "shusha" kwa sauti, maana sauti ya kanisani haimfikii dereva. Bodaboda tafuta mmoja wa kijiwe cha karibu na kwako, uandike namba yake, umwite yeye kila mara. Usiku usipande usiyemjua. Vijana wa pikipiki wa hapa wana mbwembwe, nywele na muziki wao, wanajiita wadudu. Wasikutishe kwa sura. Watishe wao kwa kudai kofia ngumu.

Hatua ya 8: Baridi

Mji uko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari. Anayetoka Bujumbura au Mombasa akifika Februari ataona raha. Juni itamkuta na shuka moja. Kuanzia Juni hadi Agosti kuna asubuhi ambazo mlima hauonekani kabisa na jua linachungulia saa saba mchana. Nunua blanketi zito na sweta mitumbani Aprili, kabla bei haijapanda.

Hatua ya 9: Mwezi wa pili na wa tatu

Mwezi wa kwanza kila kitu ni kipya na unapiga picha. Shida inakuja baadaye, wakati umeshajua njia ya kazini na hujajua mtu wa kumpigia Jumamosi. Nimeshawazoea wapangaji wa kipindi hiki. Wanarudi mapema, wanafunga mlango, wanaongea na nyumbani kwa simu hadi saa sita usiku, na asubuhi wanalalamika kwamba watu wa Arusha ni wanafiki.

Malalamiko yenyewe huwa yanafanana. La kwanza ni majibu. Watu wa huku hawapendi kukukatalia usoni. Fundi atasema "nitakuja kesho, Mungu akipenda", ofisa atasema "tutaliangalia", jirani atasema "karibu sana nyumbani" bila kutaja siku. Mgeni anasikia ndiyo, anasubiri, anakasirika. Jifunze kuuliza linalopimika: "Kesho saa ngapi? Nikupigie saa tatu nikukumbushe?" Akitaja saa, atakuja, au angalau atapokea simu. Akirudia "kesho" tena, tafuta fundi mwingine bila ugomvi. Na hiyo "karibu nyumbani" ichukue kwa uzito: nenda Jumapili alasiri na sukari kilo moja, utapokelewa kama aliyengojewa. Usipokwenda, nao wanasema wageni wana maringo.

La pili ni kasi. Uliyezoea Nairobi utaona foleni ya benki inatembea kwa miguu ya kinyonga, na watu ndani ya foleni wanaulizana habari za watoto. Kupiga kelele hakusaidii hata kidogo. Hapa sauti ikipanda, kazi inasimama ili watu wakutazame. Nenda saa mbili asubuhi, beba nakala za ziada za kila kitu, na msalimie mlinzi.

Dawa ninayoiona ikifanya kazi ni kuingia mahali ambapo kutokuwepo kwako kutaulizwa. Mkatoliki ana jumuiya ndogondogo inayosali nyumba kwa nyumba kila wiki, Mlutheri naye ana jumuiya yake, Mwislamu ana msikiti na darasa. Asiye wa dini ana timu ya mpira ya jioni, kikundi cha kupanda milima, kwaya, au kikoba cha kazini, yaani kikundi cha kuweka na kukopa. Usiende kwa watu wa kwenu peke yao. Chama cha watu wa kwenu ni kizuri kwa ugali wa Jumapili na habari za vibali, lakini wakikaa watatu kinageuka baraza la kuisema Arusha.

Halafu kuna misiba. Hapa ndipo mtaa unapomtambua mtu. Jirani akifiwa, nenda, hata kama marehemu hukumjua. Utaona turubai na viti. Wanaume wanakaa nje, wanawake wengi wako ndani au jikoni wanamenya viazi. Mwanamke ukifika omba kisu, hakuna utambulisho mzuri kuliko huo. Toa pole kwa wafiwa, andika jina kwenye daftari na rambirambi yako, kiasi chochote cha heshima. Kaa angalau saa moja. Hutakiwi kusema kitu cha maana. Mitaa mingi ina kikundi cha kufa na kuzikana chenye mchango wa kila mwezi. Uliza kama mpangaji anaruhusiwa, na ukiruhusiwa jiunge.

Harusi ni habari nyingine. Kabla hujajua hata jina la pili la mfanyakazi mwenzako, atakupa kadi ya mchango. Ipo ya mtu mmoja na ipo ya wawili, kila moja na kiwango chake. Ukichangia kila kadi mshahara utaishia ukumbini. Chagua: wa idara yako, jirani wa ukuta mmoja, na mtu aliyekufaa. Wengine wape kidogo mapema na useme wazi kwamba hutahudhuria. Hakuna anayechukia elfu kumi iliyokuja kwa wakati. Wanachukia ahadi ya laki moja isiyofika.

Hatua ya 10: Desemba ya kwanza

Hii inastahili hatua yake yenyewe. Kuanzia katikati ya Desemba Wachagga wanarudi kwao Moshi, chini ya Kilimanjaro, na Arusha ina Wachagga wengi. Duka lako limefungwa, fundi yuko Rombo, mama wa mboga yuko Kibosho, mabasi ya Moshi yamejaa, na kilomita 80 zinachukua nusu siku. Mgeni asiyejua anabaki peke yake uani tarehe 25 akila mkate mkavu. Kwa hiyo weka akiba ya chakula, jaza gesi mapema, na kama nawe unasafiri kata tiketi mwezi mmoja kabla.

Bora zaidi, ukialikwa kwao, Machame au Marangu, nenda. Kila mtu anasema "twende ukaone kwetu", na safari hii wanamaanisha. Beba sukari, majani ya chai, mafuta ya kupikia na sabuni kwa ajili ya bibi na babu, na uwasalimie hao kabla ya wengine wote. Kutakuwa na mbege, ile pombe ya ndizi, ndizi za kila namna, na mbuzi. Pia kutakuwa na kisusio, ambacho ni supu yenye damu ya mbuzi. Kama huwezi, sema mapema kabla hujamiminiwa. Watakucheka kidogo na kukuletea nyama ya kuchoma. Usiku baridi ya migombani inashinda ya Arusha.

Hatua ya 11: Ukienda likizo kwenu

Kabla ya kupanda basi la Namanga, angalia tarehe mbili: mwisho wa kibali na mwisho wa pasipoti. Kama kimojawapo kimebakiza miezi michache, anza kuhuisha sasa, si ukirudi. Mwambie balozi wa nyumba kumi kwamba hutakuwepo kwa wiki tatu. Lipa pesa ya taka. Acha uniti za kutosha kama friji ina kitu, au izime, ukaushe maji na uache mlango wake wazi. Ufunguo wa akiba mpe yule jirani uliyekwenda msibani kwake, na umwachie namba ya simu yako ya kwenu, maana laini ya huku ukivuka mpaka inaweza kukaa kimya.

Ukiwa kwenu utashangaa unawasahihisha ndugu zako namna ya kuagiza chai. Wavumilie. Ukirudi, lete zawadi ndogo kwa mwenyekiti, kwa mama wa mboga na kwa bodaboda wako. Majani ya chai ya kwenu yanatosha. Na kodi ya miezi sita ijayo iwe imeshawekwa kando kabla ya safari, kwa sababu mwenye nyumba atakupigia wiki utakayofika.